Waya alinipokonya njugu, nikaanza kuhesabu chunusi

Ilikuwa Jumamosi, ayie ya binamu yangu, yaani sherehe ya posa ya Wajaluo, huko ushago Siaya. Mimi nimekalia kiti cha plastiki chini ya tenti, mkononi niko na njugu za kukaanga kwa karatasi iliyokunjwa kama pembe, zile za chumvi ambazo maganda yake mekundu yanakuachia vumbi kwa vidole. Waya akatokea upande wa jikoni na kreti ya soda. Waya ni dada ya baba, na kwa boma letu neno lake halipingwi. Akasimama mbele yangu. Akaangalia uso, akaangalia njugu, akaangalia uso tena. Halafu akaitoa ile karatasi mkononi mwangu polepole, vile unamtoa mtoto wembe, akamimina njugu zote kwa kiganja cha binamu mwingine aliyekuwa amekaa kando yangu.

"Nyathina (mtoto wangu), na huo uso bado unakula njugu?"

Tenti yote ikacheka. Na mimi nikacheka, sasa ungefanya nini?

Lakini aki iliniuma. Si kuchekwa, hiyo nimezoea, niko na miaka 26 na chunusi nimeishi nazo tangu kidato cha pili. Kilichoniuma ni vile waya alikuwa na uhakika. Hakusema labda, hakusema nasikia. Na huyo binamu aliyemiminiwa alikuwa anatafuna njugu tangu asubuhi na uso wake ulikuwa safi kama sahani ya wageni.

Nikarudi Kisumu Jumapili jioni na hiyo kitu ikakataa kutoka kichwani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikishuka stejini Kondele na yule kijana wa njugu anapita na ndoo yake, naangalia pembeni kama mtu anayedaiwa.

Hadi jioni moja nikajiuliza, kwani kuna mtu alishawahi kuhakikisha?

## Washukiwa

Kwa hii miaka kumi na kitu nimeshaambiwa niache njugu, avocado, mayai, chipsi, nyama ya mafuta, chokoleti, samaki wa kukaanga (mwambie mtu wa Kisumu aache samaki uone), siagi, na kuna mama mmoja kwa tuktuk aliniambia niache kulala mchana. Mwenye kibanda cha chapo aliniambia ni pilipili. Kila mtu ana mshukiwa wake, na kila mtu ana binamu aliyeacha hicho kitu akapona.

Nilikuja kugundua kitu kimoja nikiviandika vyote kwa daftari. Karibu vyote vina mafuta, na karibu vyote ni vitamu. Hesabu inayofanywa ni kwamba uso wako unang'aa mafuta, chipsi zinang'aa mafuta, basi kesi imeisha. Lakini mafuta ya uso hayatoki kwa karai. Ngozi ina tezi zake zinazotengeneza mafuta zenyewe, na homoni ndizo zinaziambia ziongeze ama zipunguze, ndio maana chunusi zinatupata tukibalehe na si tukianza kula chipsi. (Mtu anayesimama juu ya karai siku nzima ni hadithi nyingine, huyo mafuta yanamfikia usoni kwa hewa na yanaweza kuziba vitundu vya ngozi. Lakini hayo hayapitii mdomoni.)

Nimelipia hii imani pia. Miaka miwili iliyopita kemisti moja hapa mjini iliniuzia krimu kwa kikopo kisicho na jina wala karatasi, ati ni ya kuchanganya wenyewe. Siku nne uso ukawa laini hadi nikapiga selfi na kuituma kwa grupu ya familia. Nilipoacha zikarudi mara mbili, na nyekundu. Baadaye ndio nikajua krimu zenye steroidi hufanya hivyo hasa, zinakutuliza leo halafu zenyewe zinaleta chunusi. Nilirudi pale kuuliza ndani kulikuwa na nini. Yule jamaa akaniuliza, "Na umekuwa ukila nini?"

Unaona? Kila mlango unarudi kwa sahani yangu.

## Wiki mbili za ujinga

Jaribio langu la kwanza nalisimulia haraka juu linaniaibisha. Wiki moja nikala njugu za mbao, yaani za shilingi ishirini, kila siku, wiki iliyofuata sikugusa hata moja. Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo cha bafu na kuhesabu chunusi mpya. Wiki ya njugu, saba. Wiki bila njugu, nne.

Saba kwa nne! Nikaandika kwa grupu ya familia kwamba waya alikuwa na haki. Waya akajibu na emoji ya mikono iliyounganishwa, na chini yake akaongeza "sikia wakubwa."

Siku mbili baadaye nikafungua kalenda ya simu kutafuta kitu kingine kabisa, nikaona alama ndogo ninayoweka siku zangu zikianza. Ile wiki ya njugu ilikuwa wiki kabla ya siku zangu. Na kila mwanamke mwenye chunusi anajua vile kidevu kinakuwa hiyo wiki, ule njugu, usile njugu, ufunge na kuomba.

Nilifuta ile meseji lakini waya alikuwa ameshaisoma.

## Chunusi ya leo ni ya zamani

Nilipoanza kusoma vizuri, kitu cha kwanza kilichonivuruga ni umri wa chunusi.

Mimi nilidhani chunusi ni kama kuumwa na mbu, kitu kinakugusa jioni na asubuhi umevimba. Sivyo. Inaanza chini kabisa, ndani ya kitundu cha unywele, pale seli za ngozi zilizokufa zinakataa kutoka, zinashikana na mafuta, zinafanya kizibo kidogo ambacho jicho haliwezi kuona. Hicho kizibo kinakaa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanapata mahali pazuri pasipo hewa, wanaongezeka, mwili unaanza kupigana nao, na ndipo unapata kile kitu chekundu kinachouma ukiguswa. Safari yote hiyo inaweza kuchukua kama wiki nane.

Wiki nane, jameni.

Kwa hivyo ile chunusi uliyoamka nayo Jumatatu, ukalaumu chipsi za Jumapili, inawezekana ilianza kujengwa kabla hata ya mwisho wa mwezi uliopita. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mtu ana shahidi wa chakula chake. Sisi hula vitu hivi kila siku, chunusi nazo zinatoka kila siku, kwa hivyo siku yoyote ukitokwa na chunusi na ukumbuke jana, lazima utapata mshukiwa kwenye sahani. Hata mimi ningelaumu sukuma wiki ningepata ushahidi. Hakuna anayelaumu sukuma wiki kwa sababu hakuna anayeifurahia vile.

Sasa jaribio langu la wiki moja moja lilikuwa takataka, hata kama zile siku zangu hazingeingilia.

Nikaanza upya. Wiki nane na njugu, wiki nane bila, ndio kila upande upate mizunguko miwili ya mwezi. Nikarusha shilingi kuamua kipi kitangulia, njugu zikashinda. Chakula kingine niliacha vile kilivyo, na sikupaka dawa yoyote. Kila Jumamosi saa moja asubuhi nakaa dirishani upande uleule, napiga picha tatu, mbele, kushoto, kulia. Sihesabu. Nimeshajua mimi si shahidi wa kuaminika, nikiwa na njaa ya njugu nitaona chunusi chache na nikiwa na hasira na waya nitaona chache zaidi.

## Picha ileile mara mbili

Wa kuhesabu alikuwa mdogo wangu. Amemaliza kidato cha nne, anangoja kuingia chuo, analala kwangu Migosi na kumaliza sukari. Tulikubaliana nitamlipa kwa bando.

Tatizo ni kwamba akijua picha ni ya wiki gani, atajua kama nilikuwa nakula njugu, na yeye ni timu waya kabisa. Kwa hivyo wiki zote 16 zilipoisha nikaandika namba kwa vikaratasi, nikavitia kwa sufuria, nikavuta kimoja kimoja na kuzipa picha majina mapya, halafu nikazihamishia simu yake bila tarehe. Nilizikata pia juu, kwenye paji, juu nywele zangu zilikuwa zinabadilika na angeweza kukumbuka, aa, hizi ni zile rasta za mwezi wa tano. (Hii ya nywele ishike, tutairudia.)

Na kuna kitu nilifanya kwa ujanja tu bila kujua kitakuja kuwa muhimu kuliko vyote. Wiki tatu nilizirudia. Picha zilezile, majina tofauti.

Akakaa kwa kiti mlangoni, anakuza skrini kwa vidole viwili, anahesabu kwa sauti, akifika kumi anaanza kubishana na yeye mwenyewe. "Hii ni chunusi ama ni alama?" Ndiyo swali lenyewe. Kwa ngozi zetu nyeusi chunusi ikiisha inaacha doa jeusi linalokaa miezi, na kwa picha ya simu doa na chunusi ndogo ni ndugu.

Akamaliza. Nikaangalia kwanza zile za kurudia.

Ya kwanza, mara moja alihesabu 11, mara ya pili 14. Nyingine 15, halafu 13. Moja tu ndiyo ilitoka sawa, 9 na 9.

Nilikaa kimya kidogo. Uso uleule, siku ileile, picha ileile, mhesabu yuleyule, na tofauti ni tatu. Mnakumbuka ile saba kwa nne yangu iliyofika hadi kwa grupu ya familia? Tofauti yake ilikuwa tatu. Yaani ningeweza kuipata bila kubadilisha chochote isipokuwa saa ya kuangalia.

Na hapo mimi nilikuwa nahesabu kwa kioo cha bafu chenye mvuke.

## Namba zenyewe

Jumamosi nane za njugu, jumla 99. Jumamosi nane bila njugu, 94.

Ukigawanya, ni kama 12 na kitu dhidi ya 11 na kitu. Na kwa sababu ya ile habari ya wiki nane za kizibo, nikaona nusu ya kwanza ya kila upande inaweza kuwa bado inabeba mzigo wa zamani, kwa hivyo nikaangalia Jumamosi nne za mwisho za kila upande peke yake. Njugu 47. Bila njugu 48.

Mdogo wangu akaangalia daftari akasema, "Kwa hivyo umejinyima njugu miezi miwili bure."

Si bure, lakini siwezi kudanganya, nilitoka nje kumtafuta yule kijana wa ndoo.

Niseme pia kile ambacho hizi namba haziwezi. Ni mtu mmoja. Wiki za njugu ziliangukia mvua ndefu na zile zingine ziliangukia baridi kidogo ya katikati ya mwaka, kama Kisumu kuna baridi. Nilibadilisha upande mara moja tu. Labda njugu zinaongeza chunusi moja kwa mwezi na macho ya mdogo wangu hayawezi kuiona. Lakini waya hakuwa anaongelea chunusi moja kwa mwezi, waya alikuwa anaongelea uso wote, na kitu kikubwa hivyo hata jaribio la kijinga kama langu lingekiona.

## Wafungwa na chokoleti

Usiku, hizo namba zilipokuwa zimeshatoka, nilisoma sana, na kuna moja lazima niwaambie.

Mwaka wa 1969, Marekani, madaktari watatu, Fulton, Plewig na Kligman, walichukua watu 65 wenye chunusi, baadhi matineja na baadhi wafungwa vijana, wakawapa kipande cha chokoleti kila siku kwa wiki nne. Kilikuwa na chokoleti mara kumi ya kile cha duka. Wakati mwingine waliwapa kipande kinachofanana kabisa lakini ndani hakuna chokoleti. Wakahesabu. Hakuna tofauti. Basi kwa miaka mingi madaktari wakawa wanawaambia wagonjwa, kula unachotaka, chakula hakihusiani na chunusi, imethibitishwa.

Mimi niliposoma nikafurahi, nikasema ona, hata wao walipata kama mimi.

Halafu nikasoma wakosoaji wake. Kwanza, waliolipia ni chama cha watengenezaji wa chokoleti. Pili, wiki nne tu, na sasa sisi sote tunajua umri wa chunusi. Tatu, na hii ndiyo ilinifanya niweke simu chini, kile kipande cha uongo kisicho na chokoleti kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na kile cha kweli. Sasa kama shida ilikuwa sukari? Pande zote mbili walikuwa wanaila. Walichojaribu ni kakao peke yake, halafu dunia ikasoma kwamba wamejaribu chakula.

Furaha yangu ikapungua. Kwa sababu mimi pia, hizo wiki nane bila njugu, unadhani saa kumi jioni nilikuwa natafuna nini badala yake?

Mandazi. Mbili, na chai.

## Rasta

Nilisema ya nywele tutairudia. Nilipokuwa nakata picha ili nywele zisionekane, nikawa naangalia paji la uso wangu kwa karibu kuliko vile nimewahi kuliangalia. Kuna Jumamosi ambazo pale kwenye mstari wa nywele kulikuwa na vipele vidogo vidogo vimepangana kama mchanga, na Jumamosi zingine hakuna kitu. Nikarudi kwa tarehe. Vilikuja baada ya kila kusukwa. Nilisuka rasta mara mbili kwa hizo wiki 16, moja wakati wa njugu na moja wakati wa kufunga njugu, na kila nikisuka naipaka ile mafuta nzito ya kopo la kijani asubuhi na jioni ili kichwa kisiwashe, na jeli ya kulaza nywele za mbele, halafu joto linakuja, vyote vinateremka.

Nikatafuta kama kuna mtu alishaona hii. Walishaona. Mwaka wa 1970, wanaume weusi Marekani waliokuwa wanapaka mafuta mazito ya nywele walikuwa wanatokwa na vipele kwenye paji na pembeni mwa uso, na walioandika habari hiyo ni Plewig, Fulton na Kligman. Walewale watatu wa chokoleti! Nilicheka peke yangu saa sita usiku.

Sijui kwa nini katika miaka yote hii hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuangalia kopo langu la mafuta. Msusi wangu mwenyewe alikuwa ananiambia niache avocado huku ananipaka.

Sijalipima vizuri, wacha niseme. Ni kitu nimeona tu, na nimeshajifunza kitu ulichoona tu kina thamani gani. Lakini sahii napaka katikati ya mistari na naacha mbele bila kitu, na wembamba wa paji langu uko hadharani kwa wote.

## Kile hakuna aliyeshuku

Tukae hapa kidogo.

Kama chakula kina mkono, utafiti wa miaka ya karibuni haunyooshei kidole njugu wala mafuta. Unanyooshea sukari na wanga unaoyeyuka haraka, na kidogo maziwa. Maelezo yenyewe si magumu. Ukila mkate mweupe ama mandazi ama chai tamu, sukari kwenye damu inapanda haraka, mwili unatoa insulini nyingi, na insulini inaamsha homoni za ukuaji ambazo zinaziambia zile tezi za ngozi ziongeze mafuta na vitundu vijizibe upesi. Njugu hapo hazina kesi, zinapandisha sukari kidogo sana na polepole. Yaani nilinyang'anywa njugu nikapewa soda.

Walijaribu Australia, matokeo yakatoka 2007. Vijana wa kiume 43, miaka 15 hadi 25, wiki 12. Nusu wakalishwa chakula kisichopandisha sukari haraka, nusu wakaendelea na wanga wao kama kawaida. Wa kwanza walipungukiwa na chunusi 23 na nusu kwa wastani. Hiyo inasikika vizuri hadi usome mstari unaofuata, kwamba wale wengine ambao hawakunyimwa mkate nao walipungukiwa na 12.

Kumi na mbili, bila kuacha kitu!

Huo mstari niliusoma mara nyingi. Kwa sababu ndio unaeleza wale mabinamu wote walioacha mayai wakapona. Mtu haanzi kuacha kitu siku uso umetulia. Anaanza siku imemwishia, siku uso uko mbaya kuliko siku zote, na kutoka hapo hata ukiamua kuacha kuimba kwa bafu, utashuka. Isitoshe wale wa chakula maalum walipungua uzito pia, kwa hivyo hata hizo zilizobaki huwezi kujua ni chakula chenyewe ama ni kukonda.

Ya maziwa ilikuja 2005, ikiongozwa na Mnigeria, Clement Adebamowo. Waliuliza wauguzi wanawake 47,355 wa Marekani walikuwa wanakula nini shule ya upili na kama waliwahi kuwa na chunusi mbaya. Waliokunywa maziwa mengi walikuwa na chunusi zaidi kidogo, na iliyoonekana zaidi ni maziwa yaliyotolewa mafuta. Yaliyotolewa mafuta! Sasa ile nadharia ya waya ya mafuta inakaa wapi? Lakini na hapa niko na swali langu, nani anakumbuka alikunywa maziwa kiasi gani kidato cha pili? Mimi nakumbuka uji wenye wadudu na hiyo tu.

Dani, yaani nyanya yangu, husema zamani hawakuwa na hivi vitu usoni, na mimi nilikuwa nachukulia ni maneno ya wazee. Halafu nikakuta watafiti waliochapisha 2002 kuhusu kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea. Waliangalia watu 1,200, kati yao 300 wa miaka 15 hadi 25, hawakuona chunusi hata moja. Wanakula viazi vitamu, nduma, samaki, nazi, matunda. Ukitoa nazi, hiyo ni meza ya dani akiwa msichana. Inaweza kuwa ni damu yao tu, hakuna anayejua. Lakini usiku huo nilitoa heshima kwa dani kwa siri.

Na ndipo nikahesabu chai yangu. Asubuhi vikombe viwili, ofisini saa nne kimoja, jioni kimoja. Nusu maziwa nusu maji, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Vijiko 12 kwa siku. Kwa daftari la washukiwa, lile la njugu na avocado na pilipili na kulala mchana, hakuna mahali mtu alikuwa ameandika chai. Hata mimi.

## Wiki nane bila chai

Shilingi ilisema nianze na kuacha. Chai yote ya maziwa, sukari sifuri kwa vinywaji, Jumamosi saa moja dirishani kama kawaida, mdogo wangu ameongezewa bando.

Kuacha njugu ilikuwa rahisi. Njugu hakuna anayekukaribisha nazo. Lakini jaribu kwenda mahali popote huku kwetu ukatae chai. Ofisini walidhani nina mimba. Kwa mama mwenye nyumba nilikaa na kikombe kimepoa mbele yangu dakika arobaini, utando umeshika juu, yeye anakiangalia kuliko anavyoniangalia mimi. Nikamwambia ni masharti ya daktari, akanionea huruma, akanipakia mandazi kwa gazeti.

Nimefika wiki ya tatu. Uso uko vilevile, na safari hii sikimbilii kusema kitu, ni mapema.

Wikendi iliyopita nikaenda ushago kumwona dani. Waya alikuwepo. Nilikuwa nimebeba njugu kilo moja kutoka soko la Kibuye, makusudi, nikaziweka mezani katikati, na daftari nalo nilikuwa nimelibeba. Nikamwonyesha. 99 na 94, nikamweleza habari ya sufuria na vikaratasi na picha za kurudia. Alisikiliza yote, hilo nampa. Akauliza nani alihesabu. Nikasema ni mdogo wangu. Akasema, "Yule? Yule hata kuku hawezi kuhesabu."

Sikuwa na jibu, juu ni kweli, 11 na 14.

Halafu akachota njugu kiganja kizima akaanza kutafuna mwenyewe, akasukuma bakuli mbali nami kidogo, si sana, akaenda jikoni. Akarudi na kikombe cha bati kimejaa hadi mdomoni, maziwa ya ng'ombe wa dani aliyekamuliwa asubuhi hiyo, sukari ameshatia na kukoroga, mvuke unapanda.

"Acha hizo vitu. Kunywa chai, nyathina, umekonda."

Dani ananiangalia. Waya amesimama, mkono bado uko kwa kikombe.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikafungua daftari, Jumamosi ya tatu, nikaandika: kimoja, vijiko vinne.